Alama Iliyo Kati ya Baba na Mimi

Kwenye kibao cha duka letu hapa Msasani ya Tukuyu kuna jina la baba, kisha &, kisha neno Binti. Binti ni mimi. Kibao kilipopandishwa nilikuwa bado nanyonya, kwa hiyo hakuna aliyeniuliza. Maduka mengine ya barabara hii yalijitangaza na wana wa kiume, na baba, aliyejaliwa mimi peke yangu, hakuona cha kuficha. Watu walicheka sana. Yeye akaendelea kuwauzia gambuti na miavuli.

Mvua ya Tukuyu haina adabu. Masika yakiisha, kibao kimeota ukoga na herufi zimebanduka. Kila mwaka tunakishusha, tunakisugua, kinaandikwa upya, kisha kinalazwa kwenye uchaga juu ya meko, palepale tunapokaushia mahindi ya mbegu, maana nje rangi haikauki. Kwa siku kadhaa hata maharage yananuka rangi.

Fundi wa mabango huandika jina na Binti. Katikati huacha wazi. Hapo ni pangu. Baba alitaka hivyo tangu nilipoweza kushika brashi: maneno yaandikwe na fundi, lakini kinachotuunganisha nikichore mwenyewe.

Nilijifunzia kwenye kioo cha dirisha la duka. Ukungu ukishuka kioo kinafunikwa, nami nachora kwa kidole. Mama, wakati huo yu hai, alikuwa akinigombeza, kwa kuwa alama ya kidole haiondoki kwa kupangusa. Unafuta, ukungu ukirudi nayo inarudi, mpaka uoshe kwa sabuni.

Na naipenda, nisijidanganye. Hapa watu huiita 'endi' na kuipita tu. Mimi nimeisoma kwenye simu mpaka chaji ikaisha. Ilizaliwa na waandishi wa Kilatini, ambao 'na' yao ilikuwa herufi mbili, e na t. Kwa haraka ya mkono wakawa wanazifunga pamoja, mpaka zikawa kitu kimoja. Kuna zama watoto wa Kiingereza waliikariri mwishoni mwa alfabeti, baada ya z, kana kwamba nayo ni herufi. Wachapaji wameichezea kuliko alama nyingine yoyote: wengine wameinenepesha, wengine wameipa mkia mrefu wa kujidai. Kuichora unaanzia mguuni kulia, unapanda mshazari, unazungusha kichwa, unashuka ukiikata njia yako mwenyewe, unajaza tumbo, halafu unatoa mkia. Brashi haiinuliwi.

Mapenzi hayo ndiyo yaliyonifungulia njia ya Mbeya. Mwaka huu mwenye kiwanda kimoja cha uchapaji huko aliona kadi ya harusi niliyoichora, akaniambia ana kiti cha mchoraji, nije masika yakiisha. Kuchora herufi kutwa nzima, ndani, pakavu. Binti yangu ningemwacha kwa babu yake mpaka nipate chumba.

Lakini baba alishapigwa na kiharusi, mkono wa kushoto hauinuki. Kushusha gambuti za juu ni mimi, kufunga milango ni mimi. Hajawahi kunikataza kuondoka. Angenikataza ningepata wa kumkasirikia, nikaondoka kwa kishindo. Badala yake huniwekea chai chini ya kaunta isipoe, nami nainywa huku nikitamani kulia. Miaka inakwenda, nasimama chini ya kibao kinachonitaja, na wateja wakiingia hawaniiti jina langu. Wananiita Binti, mimi mwenye mvi.

Mwaka huu nilijiapiza. Kibao kilikuwa kimelazwa uani chini ya bati, fundi ameshamaliza maneno yake, anafuta vidole. Nikamwambia baba, "Baba, mwaka huu fundi amalizie yote. Nataka kwenda Mbeya, nikakae huko."

Baba alitazama mvua. Nilijiandaa kwa lolote.

"Nenda, mwanangu," alisema. "Ndaga, asante. Umenisaidia sana." Alisema kweli, hakuwa na kinyongo. Kisha akageukia jikoni, uso umemchangamka. "Mjukuu wangu, hebu njoo. Njoo ushike brashi. Mama yako alianza mdogo kuliko wewe."

Binti yangu akatoka mbio, anajifuta mikono kwenye gauni. Nilimwona palepale, mtu mzima, nyuma ya kaunta ileile, chai inamngoja.

Nikachukua brashi. Nikaichora mwenyewe, haraka, kabla hajafika. Mguu, kichwa, tumbo, mkia. Fundi akasema haijawahi kukaa vizuri namna ile, na alisema kweli, nikachukia uzuri wake.

"Mama, na mimi?" mtoto akauliza.

"Rudi ukamenye viazi," nikamwambia.

Jioni ile nilipiga simu Mbeya, nikawaambia kiti wampe mwingine.

Kesho yake nilifungua duka mapema. Ukungu ulikuwa umejaa barabarani na kioo cha dirisha kimefunikwa chote. Chini kabisa, pale mkono wa mtoto unapofika, palikuwa na & moja. Mkia wake ulikuwa mzuri kuliko wangu. Nikaifuta kwa kiwiko cha sweta, nikaingia kupanga gambuti. Nilipogeuka, ukungu ulikuwa umerudi kwenye kioo, nayo imerudi.