Mama Mkwe Alivyohamia Migori

Mimi ni mtu wa kuongea haraka na kukasirika haraka zaidi. Siku Sista mkuu aliponiita ofisini kwake kunipa habari njema, niliyafanya yote mawili kabla hajamaliza.

Nilikuwa katibu wa hospitali moja ya misheni pale Migori, miaka ya tisini ikielekea kwisha. Watu hudhani katibu wa hospitali ni mtu wa kupiga chapa barua. Wapi! Ni yule anayehakikisha dawa zimefika, jenereta ina dizeli, shuka zimefuliwa na wafanyakazi hawajagoma. Kazi hiyo niliifanya kwa zaidi ya miaka kumi, nikijifunza kwa kukosea.

Sasa hospitali ilikuwa inapanuka, na Sista alitaka nikasomee MBA, shahada ya uzamili ya kusimamia biashara. Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kuacha kazi kwa miaka miwili, nihamie Nairobi nikasome kila siku kama kijana, bila mshahara. Ya pili ilikuwa kozi mpya ya wakubwa wa kazi: unasoma Ijumaa jioni na Jumamosi kutwa, Jumatatu umerudi ofisini. Sista alikuwa ameshanichagulia hiyo ya pili. Mshahara ungeendelea, watoto wangeniona, hospitali isingebaki yatima.

"Jumamosi, Sista?"

"Jumamosi."

"Na mimi Msabato!"

Alijua vizuri sana. Miaka yote hiyo yeye, Mkatoliki, ndiye aliyenipangia zamu za Jumapili ili nisiguse kazi siku ya Sabato. Akaniambia kwa upole, "Mungu wako si mkali kama wewe." Nikatoka nikaubamiza mlango. Kabla ya chakula cha mchana nilikuwa nimerudi kuomba radhi, maana mlango wenyewe ulikuwa mpya na mimi ndiye niliyegombana na fundi mpaka akauweka.

Nieleweke: hiyo shahada niliitaka sana. Nilikuwa nakaribia arobaini. Kwenye mikutano ya bodi, wanaume waliotoka Nairobi walikuwa wakizungumza juu ya mikakati na mitaji, nami nimekaa pale, ninayejua kila bomba linalovuja, sina neno. Nisiposoma, angeletwa mtu mwingine kukaa juu yangu, na ningemfundisha kazi ili anitume. Hilo lilininyima usingizi.

Lakini watoto walikuwa watatu, na kitinda mimba hajaanza hata nasari. Mume wangu alikuwa mwalimu wa shule ya bweni. Nilipomweleza, alikuna kichwa.

"Ukienda ile ya kila siku, watoto watakula nini? Mimi najua ugali na chai."

"Basi niende ya Jumamosi."

"Sawa. Nani atamwambia Mama?"

Hapo ndipo penye fundo. Mama yake alikuwa mjane huko Kendu Bay, kiongozi wa akina mama kanisani. Ijumaa kabla jua halijatua, kwake kila kitu kimepikwa, kimefagiliwa na kuni zimepangwa. Kusema kweli nilimwogopa kuliko nilivyomwogopa Mungu, kwa sababu Mungu hakuwa akinikagua sufuria.

Tukaenda Jumapili moja. Tulipofika tu, mume wangu aligundua kwamba ua wa nyuma ulihitaji kuangaliwa mara moja, akaniacha peke yangu. Mwanaume huyo! Mama alikuwa ameinama akitandaza omena, dagaa wa ziwa letu, kwenye wavu zikauke. Nikachuchumaa tukatandaza pamoja, na huku nikimwaga maneno: Sista, bodi, Nairobi, ile kozi ya kila siku, na hii ya Jumamosi ambayo pengine, kwa ruhusa yake, kwa muda tu, Mungu akinisamehe...

Hakuacha kutandaza. "Hiyo ya kila siku, mbona unaipita mbio?"

"Watoto, Mama."

"Watoto wana nini?"

"Watabaki na nani?"

Akainuka, mkono kiunoni, akanitazama. "Kwani mimi nimekufa?"

Haki, wazo hilo halikuwa limenipitia hata kidogo, na si kwa ubaya. Kwetu sisi Waluo mama halali katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Atakula humo, atabeba wajukuu, atatawala jiko apendavyo, lakini usiku lazima alale penginepo. Sasa mtu kama huyo utamwitaje akulelee watoto miaka miwili Migori? Ndiyo maana sikuwa nimemhesabu.

"Mtanitafutia chumba," akasema. "Migori nzima imekosa chumba?"

"Na boma hili, Mama? Na kanisa?"

"Kanisa liko kila mahali. Boma litaangaliwa na shemeji yangu. Na hilo la Sabato ni lako na Mungu wako, mimi siingilii. Lakini usije ukasema uliivunja kwa ajili ya wajukuu wangu." Kisha akaniambia nigeuze omena za upande wangu, nimezilundika.

Chumba kilipatikana palepale kwenye ploti tuliyopanga, ng'ambo ya uwanja. Mwenye ploti alikuwa Mwislamu mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini. Aliposikia sababu, alihamisha mifuko yake ya saruji akakipaka chumba chokaa, akasema mama wa mtu halali na saruji. Mungu amjalie alipo. Mama akaja na kitanda chake, Biblia, kitabu cha nyimbo na kuku mmoja aliyekataa kumwacha.

Basi kila jioni baada ya chakula na sala, aliwalaza watoto, akachukua taa yake akavuka uwanja kwenda kulala. Mvua ikinyesha alivuka na mwavuli. Kitinda mimba akazoea kumfuata na blanketi lake, na hakuna aliyemrudisha.

Mimi huko Nairobi, kwa ruhusa ya Sista na bila mshahara, nilikuwa nimekaa na vijana ambao ningeweza kuwatuma dukani. Takwimu zilinitoa jasho. Jaribio la kwanza nilianguka, nikalia chooni, nikanawa uso, nikamtafuta kijana mmoja aliyezijua nikamwambia, "Mwanangu, nifundishe, nitakupikia samaki." Tukaelewana. Jumamosi wenzangu walikuwa maktaba, mimi niko kanisani, na sijawahi kuimba kwa furaha kama nilivyoimba miaka ile.

Jumapili nilipiga simu ya kibandani hadi ofisini kwa Sista. Baada ya misa alikuwa akiwaita watoto wote watatu, wakigombania mkono wa simu. Mwisho alipewa Mama, ambaye hakuiamini simu hata siku moja. Alipiga kelele, "Umekula?" Nikisema nimekula, anairudisha kwa Sista. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu, na yalinitosha wiki nzima.

Nikamaliza, nikafaulu. Sista akanirudishia kiti changu, na akatupa pikapu ya hospitali tumrudishe Mama kwake.

Baba mdogo wa mume wangu, yule shemeji yake Mama, alikuwa amesimama langoni asije kutulaki. Mbele nyumba ilionekana nzima. Tukazunguka nyuma. Lo! Ukuta wote wa nyuma ulikuwa chini, nguzo zimeliwa, paa limelala. Nyumba ya udongo haiwezi kukaa bila moshi wa moto. Ukiuzima, mchwa wanaingia. Na hiyo ndiyo nyumba aliyojengewa na marehemu mumewe.

"Baba mdogo, mbona hukutuambia?" mume wangu akafoka.

Mzee akanijibu mimi. "Nilikuja Migori tangu mvua za mwaka wa kwanza, nikamwambia mchwa wameingia, arudi awashe moto, maana mimi nalala kwangu. Alinikataza nisiseme. Alisema ukisikia, utaacha masomo."

Nilikaa chini kwenye udongo huo nikalia kwa sauti, mimi mwenye shahada. Mama akaizunguka nyumba yake polepole, akigonga nguzo kwa fimbo. Kisha akaja akasimama mbele yangu.

"Umemaliza?"

"Kulia, Mama?"

"Kusoma."

"Nimemaliza."

"Si ulisomea kusimamia watu? Haya. Kesho mafundi wanakuja. Wasimamie."

Nikaomba likizo, nikawasimamia hadi bati la mwisho likapigiliwa msumari. Sijawahi kuifanyia shahada yangu kazi kwa bidii kama ile.