Jina Lililopigiliwa Ndani ya Kiti

Mtu aitwaye Kijiko hujifunza mapema kusubiri. Akishalitaja jina lake huacha nafasi kidogo, kama fundi anayengoja gundi ishike, ili aliye mbele yake amalize anachotaka kufanya. Wengi hucheka. Wenye adabu hukohoa. Makarani huinua kichwa na kuuliza, "Hilo si jina la utani?" naye hujibu, "La utani ni Fundi," jambo ambalo ni kweli tupu na halimsaidii karani hata kidogo.

Mizaha yenyewe alikwishaizoea, maana haikuwa mingi. Binadamu ni wengi, lakini mizaha juu ya kijiko ni mitatu: uko wapi uma, iko wapi sahani, na ule wa supu. Kila aliyeutoa mmojawapo alidhani ameuvumbua yeye asubuhi ile, na Fundi, ambaye hakuletwa duniani kuharibu furaha za watu, alitabasamu kama anayeusikia kwa mara ya kwanza. Akiulizwa sababu ya jina, alitoa yoyote iliyokuwa karibu. Shuleni alisema mama yake alishikwa na uchungu akiosha vyombo. Kwa shemeji zake alisema baba alipanga kuzaa seti nzima, ila bahati ikaishia kwenye kipande cha kwanza. Binti yake, alipokuwa bado wa kupakatwa, aliambiwa, "Ni kwa sababu Bakuli alikuwa ameshachukuliwa." Mtoto akacheka mpaka akashikwa na kwikwi, na swali likazikwa hapo.

Marehemu mkewe ndiye peke yake aliyelitaja bila kukunja wala kukunjua uso. Alilitaja kama jina. Tangu alipoondoka, nyumba ilibaki na watu wawili, na mmoja wao humwita mwenzake "baba". Ikawa jina lenyewe halina tena pa kutamkwa, isipokuwa mbele ya makarani.

Na isipokuwa ndani ya viti. Kazi yake ilikuwa makochi, kutengeneza mapya na kufufua yaliyokata roho. Mzee aliyemfundisha alikuwa na sharti moja: kabla hujaufunika mgongo wa kiti kwa gunia, sponji na kitambaa, andika jina lako kwenye ubao, kwa penseli ya seremala, kwa herufi kubwa. "Kiti ni kama tumbo," mzee alikuwa akisema. "Siku kitakapopasuliwa, mpasuaji ajue wa kumlaumu." Basi Fundi aliandika KIJIKO, akafunika, akapigilia misumari. Mji mzima watu wa kila cheo walikuwa wameegemea jina lake bila kucheka, na hilo lilimpa raha ambayo hakuwahi kumweleza mtu, kwa kuwa haielezeki kwa mwenye akili timamu.

Simu ilipolia alikuwa na misumari mdomoni, kama mafundi wote wa kazi hiyo. Ikaja sauti ya mama, sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa na darasa zima, ikamsalimu kwa jina asilolijua. Lilikuwa jina zuri tu, la heshima, la aina ambayo ukiliita sokoni nusu ya wanaume wanageuka.

Akatemea misumari kiganjani. "Mama, umekosea namba."

"Nimekosea vipi? Wewe si baba yake mchumba wa mwanangu? Namba kanipa yeye, na jina kanitajia yeye mwenyewe kwa mdomo wake."

Fundi akaitazama nyundo yake, nayo haikuwa na ushauri.

"Ndiyo, mama," akasema. "Ni mimi. Vumbi la kazini limeniziba masikio."

"Basi Jumamosi mje nyumbani tujuane kabla ya harusi. Bibi wa huku anataka kumwona mkwe wake kwa macho."

Jioni ile binti alikuwa akimpigia baba yake shati pasi.

"Mama mkwe wako kapiga simu," Fundi alisema.

"Kasema nini?"

"Kasema Jumamosi."

"Hakusema kingine?"

"Alikuwa na haraka."

Pasi ikasimama mahali pamoja mpaka ikaanza kutoa harufu. Wote wawili wakaitazama alama ya kahawia kwenye kola, wakakubaliana kwamba shati lenyewe lilikuwa la zamani. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema wahenga. Lakini wahenga hawakuwa mafundi wa makochi. Fundi alijua usufi ukilowa unakuwa na uzito gani. Mtoto wake alikuwa amemwonea haya. Alijiambia haimuumi. Wakati wa kula akajiambia tena.

Jumamosi walikaribishwa kwenye sebule safi, yenye mapazia yaliyoshonwa sare na vitambaa vya meza. Walikuwapo mama mwenye sauti ile, ambaye kweli alikuwa mwalimu. Mwanawe, bwana harusi mtarajiwa. Na bibi mzaa baba, mwembamba, mwenye mkongojo na macho yasiyoomba ruhusa. Makochi yote yalikuwa ya rangi moja, ila kiti kimoja kipana cha kijani kilichopauka, chenye kiraka kikubwa mgongoni. Juu yake alilala paka.

"Karibu, mkwe, kaa," alisema mwalimu. "La, si hapo. Kaa kwenye Kijiko."

Fundi akabaki ameinama nusu, katikati ya kusimama na kukaa. Binti alikuwa amefumba macho kama mtu anayengoja sindano.

"Usishangae, baba," alisema kijana, akimwondoa paka. "Ndilo jina la kiti. Nilipokuwa mdogo nilikipasua mgongo kwa mkasi nione kuna nini ndani. Nikachapwa. Lakini ndani tukakuta kumeandikwa KIJIKO, herufi kubwa hivi."

"Ni jina la kiwanda," alisema mwalimu.

"Ni jini," alisema bibi. "Kinanifinya nyonga upande wa kushoto. Kiwanda hakifinyi watu kwa makusudi."

"Basi ndiyo ikawa hivyo," kijana aliendelea. "Nani kamwaga chai kwenye Kijiko, mtoeni paka kwenye Kijiko. Mpaka majirani wanakijua."

Fundi akakaa. Mkono wake ulijitelemsha wenyewe chini ya ubavu wa kiti, ukakuta mshono wake, ule wa kurudia mara mbili penye kona. Kilikuwa kiti cha ujana wake, kabla hajaoa, na kwa miguu ya watu kimepita nyumba anazozijua Mungu hadi kufika hapa. Akamtazama binti yake, naye alikuwa akitazama zulia, na papo hapo yale yote yakamfungukia kama kitambaa kilichotolewa nyuzi. Siku ya kwanza alipoletwa hapa mtoto huyu alisikia paka akifukuzwa kwenye Kijiko; kisha wakamuuliza, baba yako anaitwa nani?

Nusu ya maumivu ikaondoka. Nusu nyingine ikabaki imekaa naye kwenye kiti.

Angeweza kusema. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Lakini akauona uso wa mtoto, akalirudisha.

"Si jini, bibi," akasema. "Ni springi imelegea. Nitakichukua nikakitengeneze, iwe zawadi yangu."

"Tumepata mkwe!" alisema mwalimu, akamwita kwa lile jina la kuazima. Fundi akageuka, akiwa amechelewa kidogo, kama mtu aliyevaa viatu vya mwenzake.

Jumatatu binti alikuja karakana, akaketi juu ya kreti. Kiti kilikuwa kimelazwa kifudifudi mezani, mgongo wazi, herufi zikionekana na mikwaruzo ya mkasi pembeni yake.

"Baba, nipige."

"Nina misumari mdomoni. Subiri."

"Hata viatu nilikuwa sijavua! Nimesimama mlangoni, nasikia, 'Shuka kwenye Kijiko, mshenzi wewe!' Halafu mama mtu ananigeukia kwa tabasamu, eti baba anaitwa nani. Wewe ungesema nini?"

Fundi akafikiri kwa haki. "Ningesema anaitwa Paka."

Binti akacheka, na kicheko kikamgeukia njiani, kikawa kilio. Fundi akatoa misumari yote mdomoni, jambo ambalo hakulifanya hata kwa wateja wakubwa.

"Hakuna neno, mama. Siku ya harusi nitalivaa hilo jina kama suti ya kukodi. Jioni tunairudisha."

"Hairudi, baba. Hujui? Watakuita hivyo daima. Wanangu watakuwa na babu ambaye si wewe. Na siku ukitutoka, watu watamlilia mtu mwingine."

Fundi hakuwa amefika mbali hivyo kimawazo. Akaketi.

"Nani alikupa hili jina?" binti akauliza. "Kweli lakini. Si habari za Bakuli."

Akaisimulia akiwa amekikabili kiti, si yeye. "Nilizaliwa kabla ya wakati. Naenea kwenye kiatu cha baba. Kunyonya sikuweza, sikuwa na nguvu ya kuvuta. Mama akawa anakamua maziwa kwenye kikombe, ananipa kwa kijiko cha chai, tone baada ya tone. Nikitapika, anaanza upya. Majirani wakamwambia asinipe jina. Eti mtoto huyu ni wa kupita, mama asije akazoea kuniita. Mama akasema, 'Jina analo.' Wakamuuliza, 'Nani?'" Akapangusa vumbi kwenye ubao. "Alikuwa amekishika mkononi. Shangazi ndiye aliyenieleza. Mama mwenyewe hakuwahi."

"Mbona hukuniambia?"

"Nitamwambia nani? Nikilitaja tu, watu wameshacheka. Halafu nilete habari ya mama? Ningekuwa namtoa ndani naye aje achekwe."

Binti akapitisha kidole juu ya herufi, moja moja, taratibu, mpaka ncha ya kidole ikawa nyeusi.

Kazi ikaendelea. Springi mpya, gunia jipya, sponji, kitambaa cha kijani kibichi. Siku ya mwisho binti alikuwapo tena. Fundi aliponyoosha mkono kuchukua nyundo afunge mgongo, binti akamshika kiwiko.

"Hapo uache."

"Kiti hakipelekwi kwa watu kikiwa uchi."

"Hiki kitakwenda hivyo. Chukua misumari yako tu."

"Harusi yako je?"

"Ndiyo nakwenda kuitafuta, baba."

Kiti kikaingizwa kwenye sebule ile. Mwalimu akapiga makofi. "Kijiko kimerudi! Lakini mbona mgongo..."

Binti alikuwa amesimama nyuma ya kiti, mkono juu ya ubao. Sauti ilianza chini sana.

"Mama, bibi, nilisema uongo. Lile jina nililowapa nililiokota palepale mlangoni. Jina hili si la kiwanda. Aliyeandika hapa ni baba yangu, na hili ndilo jina lake." Kisha akawasimulia habari ya kikombe na maziwa. Aliisimulia vibaya, kwa mbio, akaanza na shangazi, akakisahau kiatu, akarudi kukichukua. Bwana harusi akasogea, akasimama kando yake. Fundi aliyachunguza mapazia. Yalikuwa yameshonwa vizuri.

Binti alipomaliza, Fundi akaacha ile nafasi yake ya siku zote, kwa yeyote atakayependa kucheka. Mwalimu alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Hakukohoa.

Bibi ndiye aliyekwenda. Mkongojo wake uligonga sakafu mpaka kwenye kiti. Akaketi, akajisogeza kushoto, akakandamiza nyonga yake kwa ukali, kama anayemhoji shahidi.

"Hakifinyi," akatoa hukumu. Akafikiri tena. "Kwa hiyo miaka yote hii nimekuwa nikimkalia mkwe wangu."

"Ndiyo, bibi," alisema Fundi. "Nami sikuwahi kuuhisi uzito."

Hapo ndipo kicheko kilipokuja, cha watu wote, na Fundi alishangaa kujikuta yumo ndani yake, si kwa mazoea.

"Tunacheka, sawa," alisema mwalimu akijifuta macho, ila bado na uso wa kikao cha wazazi. Akamnyooshea binti kidole. "Wewe tutaongea. Ukoo mzima nimeshawatangazia lile jina lingine. Nitaliweka wapi?"

"Lisitupwe," alisema bibi. "Ni jina zuri, la mtu mzima. Kipewe kiti."

Ikawa hivyo, maana hakuna aliyewahi kukata rufaa kwa bibi yule. Paka akapanda mapajani mwake, na bibi akamkaribisha kwenye kiti akikitaja kwa jina lake jipya.

Ukabaki mgongo. Bibi aligoma kuinuka, kwa hiyo Fundi akapiga magoti nyuma yake, akaitoa penseli sikioni, akampa binti. Chini ya herufi kongwe naye akaandika jina lilelile, kwa mwandiko wake, kubwa kuliko lilivyostahili. Kisha Fundi akavuta kitambaa, akajaza misumari mdomoni, akaanza kupigilia mmoja mmoja.

"Mzee Kijiko," mwalimu aliita kutoka mezani, kwa sauti ya anayesoma jina jipya kwenye mahudhurio na kutaka mwenyewe ajue limo. "Chai yako inapoa."

Hakuitika. Kichwa kilibaki kimeinama nyuma ya kiti, na nyundo ilinyamaza kwa muda. Alikuwa na misumari mdomoni. Ndivyo alivyojieleza baadaye.