INTJ wa Jericho: siku niliyokatakata firigisi ya mzee

Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni shosho wa Eastlands, Nairobi, na nitasema mambo vile yalikuwa. Nikiongeza chumvi, dada yangu Nyambura husoma humu na hajui kuninyamazia.

Juzi mjukuu wangu alinifanyisha ile test ya personality kwa simu. Nikatoka INTJ, yaani mtu wa mipango na maswali, asiyezunguka kwa maneno. Akaniambia, "Shosho, wanawake wa hivi ni wachache, na kupata mchumba ni shida."

Nilicheka mpaka nikakohoa. Hiyo shida niliijua kabla mama yake azaliwe.

Miaka ya sabini ikiisha nilikuwa nakaa Jericho kwa huyo Nyambura. Kazi yangu ilikuwa kukagua mashati kwa kiwanda fulani Industrial Area. Shati ikiwa na kasoro, nasema ina kasoro. Wanaume pia niliwaambia hivyo hivyo.

Kuna mmoja tulienda naye stroll Jumapili, akaniambia anaacha kazi aanze bendi. Nikamwuliza, "Na ukishindwa, utafanya nini?" Kumbe hilo si swali la kuuliza mwanaume mkiwa mmeshikana mikono. Hakurudi.

Nyambura akanikalisha chini. "Wee Wairimu, unatisha wanaume! Akija mwingine, cheka, na uache maswali."

Mwingine akaja. Wekesa, fundi wa mashine, kijana Mluhya wa Kakamega, mpole, haongei ovyo. Huyo nilimpenda sana, sitawaficha. Nikaogopa kumpoteza.

Kwa hivyo nikajifanya, miezi saba mizima. Akiongea, nacheka. Akitaka maoni yangu, nasema, "Vile utaamua." Aki nilikuwa nachoka kuliko siku ya overtime.

Ikafika siku ya Wekesa kuleta watu wao kwa Nyambura kuniona, baba yake mdogo na shangazi yake. Wakinikataa, harusi hakuna.

Nikajipanga vile mimi hujipanga. Kuku nikamkata vipande vidogo vidogo vinavyolingana, kila mtu apate sawa, nikachanganya na waru, viazi vyetu.

Sasa wakuu, sisi ni Wakikuyu wa Murang'a. Mambo ya kuku wa Waluhya ningeyajulia wapi? Mzee akapakuliwa. Akageuza kijiko huku, akageuza kule. Shangazi akachungulia sufuria.

"Mama," shangazi akaniuliza, "firigisi ya mzee iko wapi?"

Woi! Kumbe kwao firigisi hupewa mzee ikiwa nzima, ndiyo heshima yenyewe. Yangu ilikuwa vipande ndani ya mchuzi, hata sikujua viko kwa sahani ya nani.

Nyambura akanifinya chini ya meza, eti nilie kidogo na niombe msamaha kwa sauti ndogo. Nikajaribu kile kicheko changu cha miezi saba. Kikakataa kutoka.

Nikasimama. "Baba, nimeikatakata. Si dharau, sikujua. Wekesa alijua mimi si wa kwenu na hakuniambia, hilo ni kosa lake. Langu ni kutouliza. Sasa nauliza: ni nini kingine sijui? Niambieni yote leo, kwa sababu sipendi kukosea mara mbili."

Nyambura akafunika uso na leso. Mzee akanitazama, akamtazama Wekesa, akaendelea kula polepole. Shangazi ndiye alianza kunieleza, na mimi nikauliza maswali mpaka chai ikapoa.

Tulipowasindikiza hadi barabarani nilijua mimi na Wekesa tumeisha. Moyo uliniuma, lakini kichwa kilikuwa kimetulia, mara ya kwanza tangu nimjue.

Wazee wakatangulia. Wekesa akabaki.

"Wairimu, nilikuwa nimepanga kukuacha wiki hii. Nilingoja tu wazee waje warudi, nisiwaaibishe. Yule msichana wa 'vile utaamua' alinichosha. Huyu wa leo ulikuwa umemweka wapi?"

Nikamwuliza kwanza kwa nini hakuniambia mambo ya firigisi.

Basi wasichana wenye vichwa kama changu, kuna watakaokukimbia, na waende salama. Mimi nusura nimpoteze mume wangu kwa kumficha mwanamke aliyekuwa anamtaka.

Haya, wenye maswali mengi, nyinyi mnajifanya kwa nani saa hii? Semeni hapa chini, nami nitawajibu bila kupaka mafuta.