Bunju wa Mwanamisi

Mwanamisi amelima mwani Kibuyuni kwa miaka kumi na miwili, na bunju, samaki wa sumu anayejifurisha, anawajua kwa madoa yao. Mtafiti mmoja alipotangaza barazani kwamba bahari ile ina aina tatu tu za bunju, Mwanamisi alisonya. Kwa siku mbili kijana yule alikuwa amekaa kivulini akiwahoji manahodha, viatu vinang'aa.

Bahari ilipokupwa, Mwanamisi alijaza ndoo, akaimwaga mbele ya mtafiti. Zilitoka aina sita, mmoja ana miiba mwili mzima.

"Hawa nao umewaandika?"

"Mama, umewatoa wapi?"

"Majanini na mikokoni, mwanangu, huko unakoogopa kulowa."

Mtafiti alivua viatu, akamfuata. Mwanamisi hakumngoja, wala hakugeuka alipomsikia akiteleza topeni.