Tanga la Kaki

Siku nilipomwona mara ya kwanza, alikuwa amepiga magoti ndani ya mashua ya tanga niliyokuwa nimemaliza kuipaka rangi. Ameinua mbao za sakafu, pua iko chini, ananusa.

"Mama, hiyo ni kama mpya," mwenye mashua alimwambia.

"Rangi ndiyo mpya, bwana. Mimi natafuta uozo."

Alikuwa mjane, fundi cherehani wa sare za shule. Karakanani tulimpa jina la Bi Mkasi, kwa sababu alikukata maneno hujafika katikati. Kuendesha tanga alijifunza ukubwani, kwa kukodi mashua za watu kila muhula ukishaanza na kazi ya sare kupungua. Sasa alitaka yake.

Lakini hakuinunua siku hiyo. Aliikodi kwanza, tena akangoja siku ya mvua na upepo. "Siku ya jua hata beseni linaelea," alisema. Akarudi kalowa chapachapa, akaniita, akachora duara chini ya mlingoti kwa chaki yake ya kushonea.

"Inavuja hapa. Pazibe, mwanangu. Nainunua."

Mwanawe mkubwa akaja mbio. "Mama, inavuja na bado unaitaka?"

"Hii najua inavujia wapi. Hiyo utakayonichagulia wewe, nikajulie majini?"

"Watu watasema nimeshindwa kukutunza!"

"Waambie umeshindwa. Mbona ni kweli?"

Mimi nilijifanya nakoroga rangi.

Jioni yule kijana alilibeba tanga, akaenda kulifungia kwake. Alidhani yamekwisha. Mama yake hata hodi hakwenda kupiga. Wiki nzima cherehani yake haikunyamaza, kisha akaja gatini na tanga la kaki, kaki ile ile ya kaptura za wanafunzi, na katikati kashonea mfuko. Mwanawe, aliyekuja kumzuia, akauliza mfuko ni wa nini.

"Wa kutia maneno ya watu."

Kijana akacheka, bado amenuna, na hakutoka njiani. Kamba ya kufungia mashua nilikuwa nimeishika mimi.

Bi Mkasi sijamwona tena tangu siku hiyo. Nasikia yuko ng'ambo, anakodisha mashua ile ile, na mteja akitaka kuijaribu siku ya jua, humwambia arudi mvua ikinyesha. Lakini siku ile gatini, kamba mkononi, nilikuwa nikimtazama mwanawe, nikisubiri aseme neno. Bi Mkasi akapandisha tanga, akanigeukia.

"Unamtazama yeye wa nini? Mashua ni yangu. Achia kamba."