Firigisi ya Ilesi

Mpaka tunafika hotelini, miguu yangu ilikuwa imevimba. Asubuhi tulikuwa tumepanda kwenda kuliona lile jiwe la Ilesi linalotiririka maji kama mtu anayelia. Mume wangu alilipiga picha, mimi nikamshika mama yake mkono asiteleze. Kisha tukaenda kwa wafinyanzi. Watoto walitaka chungu, tena kikubwa, na nani alikibeba? Mimi.

Ingokho ikaletwa, kuku mzima wa mchuzi, pamoja na ugali wa wimbi. Firigisi ilikuwa juu kabisa, imeelekezwa kwa mume wangu, maana kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba. Mwanamke huipika tu na kumwekea. Yeye alikuwa bado anatazama picha zake za jiwe. Mimi mgongo uliniuma, njaa iliniuma, na chungu kilikuwa kimenilalia mapajani. Nikaichukua, nikaitia mdomoni.

Mume wangu aliangalia sahani, akaniangalia mimi, halafu akainuka kwenda kunawa mikono.

Nikamngoja mama mkwe aanze kunigombeza. Ndiye aliyeniambia, nilipoolewa tu, kwamba firigisi ikipotea jikoni mke hurudishwa kwao. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba hata kurudishwa kwetu kungenifaa, mradi nisitembee.

Mama, aliyewapikia wanaume firigisi maisha yake yote, akatazama kama mwanawe amefika mbali. Kisha akaniinamia na kuninong'oneza:

"Ikoje?"