Siku Baba Alipokula

Mwezi uliopita nilirudi kwetu, kijijini Bahati, kumzika jirani yetu wa zamani, nikajikuta kwenye foleni ya pilau. Unajua mazishi ya siku hizi: mahema meupe, spika kubwa, wapishi wa kukodishwa. Mama alikuwa mbele yangu ameshika sahani, akiongea na mwenzake habari za viazi kuoza shambani. Harufu ya nyama ikanifikia, na ghafla nikawa na miaka tisa tena.

Nilikuwa na mdogo wangu wa miaka miwili. Alishikwa na homa, mama akampeleka hospitali Nakuru mjini, na nyumbani sisi watoto wengine tukabaki na baba na shosho, bibi yetu. Baba alikuwa mzee wa kanisa. Akafanya kama mfalme Daudi wa Biblia mtoto wake alipougua: alilala kwenye simiti ya sebule, bila godoro, akaacha kula. Asubuhi nikienda kukata nyasi ya ng'ombe nilipita juu ya miguu yake, na nikirudi nilimkuta palepale, ndevu zimeota, midomo imepasuka, ananong'ona. Shosho alichemsha githeri ya mahindi na maharagwe, moshi wa kuni ukijaa nyumba nzima, akamwekea sahani kando ya kichwa. Jioni niliiondoa ikiwa vilevile. Mimi nilijua mtoto atapona. Mungu angemkatalia vipi mtu kama huyo?

Siku ya saba pikap ya jirani ilisimama langoni. Mama alishuka peke yake, shuka ya mtoto imekunjwa mkononi.

Shosho alinivuta hadi nyuma, kwa ng'ombe, akanishika huko muda mrefu mpaka leso yake ikalowa. Tuliporudi, baba alikuwa ameoga. Alikuwa amevaa koti la Jumapili, ameketi mezani, anakula viazi na kabichi, polepole, bila kuacha kitu. Na nje, kwenye vumbi, mama alikuwa amekaa chini kichwa wazi, analia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa mtu.

Wanawake wa kanisa wakaja. "Nyamaza, mama, Mungu anajua." Mama akaisukuma mikono yao.

"Mwacheni," shosho akasema. "Hata Raheli alikataa kufarijiwa."

Basi wakakaa chini naye, kimya, na kesho yake wakarudi wakakaa tena.

Ndani, mjomba wetu aliyekuja kutupa pole alimwangalia baba. "Kweli unakula?"

"Nilikuwa namwomba Mungu asimchukue," baba akasema. "Amemchukua. Sasa nimwombe nini?" Kisha akaniona. "Njoo ule."

Sikwenda. Wala sikwenda kwa mama. Nilikaa mlangoni, mgongo kwenye fremu, nikisikia huku kijiko na kule kilio, nisijue mtoto mzuri wa Kikristo huelekea upande gani. Jumapili nilimuuliza mwalimu wa Sunday school ni nani kati yao aliyekosea. Alinitazama sana, akasema wote wawili wamo kwenye Biblia, Daudi aliyekula mtoto alipokufa na Raheli aliyelia, halafu akaniambia nifute ubao.

Mwishowe nilichagua mwenyewe. Nilimchukia baba kwa ile sahani. Sikugombana naye, hapana. Nilikuwa tu na sababu ya kuinuka kila alipoketi mezani. Nikienda kumsalimia, nilikunywa chai nimesimama. Alipofariki miaka miwili iliyopita sikutoa chozi, na watu wakasifu imani yangu.

Pale kwenye foleni nikamuuliza mama kama aliwahi kumsamehe.

"Kumsamehe nini?"

"Chakula. Siku ile ulitoka hospitali, akakaa akala."

Mama aligeuka. "Na unafikiria ni nani alipika?"

Nikasema shosho.

"Shosho alikuwa na wewe huko kwa ng'ombe. Mimi ndiye nilipika. Baba yako alikuwa anatetemeka, hawezi hata kusimama. Nikamwekea maji kwa karai, nikamtolea koti. Chakula alikikataa. Nikamwambia, kula, kwa sababu mimi naenda nje kulia, na hatuwezi kuanguka wote siku moja. Hawa watoto wengine watabaki na nani?" Akatazama mbele. "Alikula akilia. Hukuona?"

Sikuona. Au niliona nikasahau. Sasa hivi sijui. Nimejaribu kuurudisha uso wake pale mezani, na napata koti tu.

Ile nyumba ilibomolewa. Shosho hayuko, na wale wanawake waliojua kukaa chini bila kusema kitu wamebaki wawili, magoti yamewakataa. Msiba sasa una kamati, una kundi la simu, na ikifika saa kumi mahema yanakunjwa.

Kabla ya kuondoka nilipita kwa kaburi la baba, nyuma ya mahindi. Nilikuwa nimepanga kumwomba msamaha. Badala yake nililia, jua likiwa juu kabisa, na hata nilipokuwa nalia sikuweza kujua namlilia yeye, au yule mdogo wangu.